Halmashauri Imeahidi Kurudisha Msitu: Namna ya Kuifuatilia Ahadi Hadi Ardhini

Kila halmashauri ya Tanzania Bara inadaiwa miti milioni 1.5 kwa mwaka. Halmashauri ziko 184, kwa hiyo ukizidisha unapata miti milioni 276, na mwakani tena hivyohivyo. Juu ya hapo, mwaka 2018 nchi iliahidi kupitia AFR100, mpango wa nchi za Afrika wa kurudisha uoto kwenye ardhi iliyochakaa, kwamba itashughulikia hekta milioni 5.2 ifikapo 2030. Ahadi za ukubwa huo hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka wizarani hadi mkoani, kutoka mkoani hadi wilayani, na mwisho humwangukia afisa misitu ambaye pikipiki yake mara nyingi haina mafuta, pamoja na mtendaji wa kijiji ambaye wiki hiyohiyo anahangaika na michango ya darasa.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi mahali ahadi zinapotua: mwanakijiji, mjumbe wa kamati ya maliasili, mwalimu, mtangazaji wa redio ya jamii, hata diwani mpya ambaye bado anajifunza kusoma makabrasha. Unahusu Bara tu, maana Zanzibar ina sheria zake. Huhitaji shahada. Unahitaji daftari, uvumilivu, na tabia ya kuuliza swali lilelile mara ya pili bila kukasirika.

Uliza "wapi" kabla ya "mingapi"

Idadi ya miti ndiyo inayosomwa kwenye hafla, na ndiyo rahisi kuongezewa sifuri. Eneo ni gumu kulidanganyia. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja huchukua takriban miti 1,111. Miti milioni 1.5 basi inataka hekta kama 1,350, na kila mwaka ziwe nyingine. Halmashauri iliyotimiza lengo kwa miaka mitano mfululizo ingekuwa na hekta 6,750 za miti michanga, eneo ambalo abiria wa basi angeliona bila kuonyeshwa.

Utaambiwa kwamba miti mingi haikupandwa kwenye eneo moja. Iligawiwa shuleni, zahanati, mipakani mwa mashamba na kwenye kaya. Ni jibu la haki. Lipokee, kisha omba orodha: shule ipi miche mingapi, kijiji kipi miche mingapi, nani alisaini kuipokea. Aliyegawa miche kweli anayo orodha hiyo, hata kama ni daftari lililochafuka udongo. Asiyekuwa nayo ana jumla peke yake, na jumla isiyo na orodha imepikwa mezani.

Halafu nenda kitaluni, na uende mapema. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kama Dodoma, Singida, Tabora na Shinyanga, miche hupandwa kuanzia Desemba mvua zinaposhika. Mche wa aina nyingi unahitaji miezi minne hadi sita kwenye kiriba kabla haujafaa kutoka. Maana yake mbegu ziwe zimeshaota Agosti. Ukipita kitaluni Septemba ukakuta viriba havijajazwa udongo, ahadi ya Desemba imeshakufa, na una miezi mitatu ya kusema hivyo kabla mgeni rasmi hajaalikwa.

Tofautisha pia miti iliyopandwa na iliyostawi. Taarifa nzuri huwa na safu zote mbili. Kama ya kwenu ina moja tu, jaza ya pili mwenyewe: Oktoba, kiangazi kikiwa kimekomaa, chukua watu wawili mwende kwenye eneo lililopandwa msimu uliopita, mfuate mistari, mhesabu mashimo 100 na kuandika mangapi yana mti hai. Pigeni picha na simu, andikeni tarehe na mahali. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko hotuba ndefu, kwa sababu anayetaka kuipinga itambidi aende kuhesabu.

Angalia na aina ya miti. Mikaratusi na misonobari ina kazi yake, hasa ya nguzo, mbao na fedha, na sina ugomvi na mwenye shamba lake la mbao. Lakini ahadi ya kurudisha uoto wa asili ikitekelezwa kwa mikaratusi kandokando ya chemchemi, mnapewa kitu kingine. Mikaratusi inajulikana kwa kunywa maji. Kwenye vyanzo vya maji dai mikuyu na miti mingine ya hapohapo. Mabondeni na vilimani dai migunga, mikwaju, mininga, kulingana na kilichokuwepo. Wazee wa kijiji watawatajia majina kwa lugha ya nyumbani haraka kuliko kitabu chochote.

Ahadi iliyo bora mara nyingi haina mche hata mmoja

Hapa ndipo ningependa utumie nguvu zako nyingi. Sehemu kubwa ya ardhi yetu iliyochakaa haijafa. Chini kuna mizizi na visiki vinavyochipua kila mvua, vinavyoliwa na mbuzi, vinavyokatwa kwa jembe au kuungua kila moto wa Agosti. Vikiachwa, vinarudi.

Ushahidi mkubwa uko Shinyanga. Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wakatolewa, majani yakaachwa yakue, kisha likafunguliwa kiangazi kikali wakati kwingine kote ni vumbi. Ukataji mkubwa wa misitu kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kilimo cha pamba na tumbaku, na baadaye Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliyowahamisha watu kutoka kwenye maeneo waliyoyatunza, vilikaribia kuimaliza desturi hiyo. Mkoa ukawa mweupe. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway na watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa za hekta 600 hivi. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika vijiji 833.

Angalia kilichofanyika humo. Vitalu vilikuwepo, lakini mageuzi makubwa yalitokana na kufunga eneo, kukubaliana nani anaingia lini, na kumtoza anayevunja. Dagashida, baraza la jadi, lilikaa kusikiliza kesi, sungusungu walilinda, halafu serikali za vijiji zikaweka makubaliano hayo kwenye sheria ndogo. Ngitili nyingine zilikuwa za kaya, nyingine za kijiji, na kila moja ilikuwa na mwenyewe anayejulikana kwa jina. Faida zilionekana mapema: kuni karibu na nyumba, nyasi za kuezekea, dawa, asali, malisho ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Mtu hahitaji kusomeshwa umuhimu wa mazingira akiwa na nyasi Septemba na jirani yake hana.

Dodoma wanaita kazi ya aina hiyo Kisiki Hai, jina lililosambazwa tangu 2018 na shirika la LEAD Foundation likishirikiana na Justdiggit. Mbinu yenyewe ilijulikana duniani kutokana na kazi ya Mwaustralia Tony Rinaudo nchini Niger miaka ya 1980. Shambani inaonekana hivi. Unatafuta kisiki kinachochipua, unakuta machipukizi kumi na kitu yamesongamana kama ufagio. Unachagua machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mawili hadi matano, mengine unayakata kwa kisu kikali kukaribia shina. Yale uliyoyaacha unayapogolea matawi ya chini ili chakula kiende juu. Unafunga kitambaa chenye rangi kwenye shina moja, ili anayelima na anayechunga ajue kwamba hicho kina mwenyewe. Msimu ujao unarudi kupogolea tena. Gharama yake ni kisu na kitambaa, na mti unaotoka una mizizi ya miaka mingi tayari, kwa hiyo haulilii maji kama mche wa kitaluni.

Sababu ya kulisemea hili kwa halmashauri ni kwamba halina hafla. Hakuna kukata utepe kwenye eneo lililofungwa, na mfumo wa taarifa unauliza miche. Pendekeza basi kwenye kata yako kwamba taarifa ya robo mwaka iwe na mstari wa hekta zilizofungwa na visiki vilivyotunzwa, kando ya mstari wa miche. Maafisa misitu wengi watakushukuru. Wanaijua kazi hii, wamekosa tu pa kuiandika.

Karatasi tatu

Eneo likishapatikana, lisipokuwa na karatasi litavamiwa. Ya kwanza ni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Humo ndimo eneo linapoandikwa kuwa ni la msitu, malisho au chanzo cha maji. Uliza kama kijiji chenu kinao, na ramani yake iko wapi. Jibu la "iko wilayani" halitoshi. Nakala iwepo ofisi ya kijiji.

Ya pili ni sheria ndogo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inakipa kijiji uwezo wa kujitungia. Rasimu huandaliwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya ipitishwe. Kituo cha kukwama ni hicho cha mwisho. Kuna vijiji vinavyotoza faini kwa rasimu isiyo na muhuri, na siku mfugaji mwenye uwezo akienda mahakamani, kijiji kinashindwa asubuhi moja. Mwulize diwani wako moja kwa moja: sheria ndogo yetu ilipelekwa tarehe ngapi, iko kwa mwanasheria au imeshaingia barazani?

Ya tatu, kama mna msitu wa kutosha, ni kuutangaza kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Hapo kijiji kinapanga chenyewe mpango wa uvunaji na kutoza malipo yake, na mapato yanaingia kijijini. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilifika mbali kwa njia hiyo: mwaka 2009, vikisaidiwa na shirika la Mpingo, vilipata cheti cha FSC, alama ya kimataifa ya msitu unaosimamiwa vizuri, kwa misitu yao ya asili, cha kwanza barani kwa misitu ya namna hiyo inayosimamiwa na wanavijiji. Msitu unaolipia zahanati hulindwa na watu wengi.

Nikukumbushe jambo ambalo husemwa kwa kunong'ona: halmashauri hukusanya ushuru wa mazao ya misitu, mkaa ukiwemo. Msitu ukisajiliwa kuwa wa kijiji, mgawanyo wa fedha unabadilika. Kwa hiyo mkiona jalada lenu linazunguka mwaka mzima bila jibu, msidhani kila mara ni uvivu. Ulizeni wilaya ilikusanya kiasi gani kutokana na mkaa na mbao mwaka jana, na kiasi gani kilirudi kwenye misitu. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ahadi halisi ya halmashauri.

Fuata fedha kwa kalenda

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi ya mwisho wa mwaka, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, yakapita kata, yakafika wilayani, na baraza la madiwani hupitisha bajeti kati ya Januari na Machi kabla haijaenda juu. Ukianza kudai fedha za kitalu mwezi Mei umechelewa mwaka mzima. Oktoba na Novemba ndiyo miezi yako: hakikisha kufunga eneo, kuweka alama za mipaka au posho ya doria vimeingia kwenye vipaumbele vya kijiji, kwa maneno yanayoeleweka.

Bajeti ikishapitishwa, tafuta kasma ya maliasili na mazingira, na uangalie chanzo cha fedha. Kuna mapato ya ndani, kuna ruzuku ya serikali kuu, kuna wafadhili. Kazi iliyoegemea mfadhili peke yake huondoka naye. Kazi iliyo kwenye mapato ya ndani, hata ikiwa ndogo, inaonyesha madiwani wenyewe wameamua. Kisha linganisha kilichoidhinishwa na kilichotoka, kwa sababu kasma ya mazingira ni ya kwanza kunyofolewa makusanyo yakipungua.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza pia kuomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya kitalu au mizinga ya nyuki. Mpango wa biashara uwe wa kweli, mkopo unarejeshwa.

Barua

Ukiuliza kwa mdomo utajibiwa kwa mdomo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Andika kwa mtindo ambao masijala wameuzoea:

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya ………,
S.L.P. ………

YAH: OMBI LA TAARIFA ZA UREJESHAJI WA UOTO KATIKA KATA YA ………

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa kijiji cha ………. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya: (a) orodha ya maeneo yaliyopandwa miti au kufungwa katika kata yetu kwa mwaka wa fedha uliopita, na ukubwa wake, (b) idadi ya miche iliyogawiwa na iliyostawi kwa kila eneo, (c) fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa kwa kazi hiyo, (d) hatua iliyofikiwa na sheria ndogo ya kijiji chetu ya hifadhi ya mazingira.

Natanguliza shukrani.

Chapa nakala mbili. Moja iache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa ukae nayo. Mpe nakala diwani na mtendaji wa kata, wasije wakasikia kwa watu wakadhani umewashtaki. Usichanganye na malalamiko ya barabara au kisima. Barua yenye mambo mawili hujibiwa lile jepesi.

Mkutanoni

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana nafasi. Ongea na mwenyekiti kabla, ajenda iingie kwenye orodha. Ukiiacha kwenye "mengineyo" itafika saa ambayo watu wameshaanza kukunja kanga zao. Simama, salimia wazee, kisha uliza jambo moja lenye namba na tarehe: "Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamooni wazee wangu. Mkutano wa Machi tulikubaliana kilima chetu kifungwe na mipaka iwekwe alama kabla ya mvua. Naomba Mtendaji atusomee muhtasari, halafu atuambie alama ngapi zimewekwa." Keti. Usiongeze mfano wala hadithi. Ukimaliza kuuliza na ukaendelea kuongea, unampa mwenzako njia ya kujibu lile la pembeni.

Hakikisha wafugaji wapo, au kikao kisifanyike. Eneo linalofungwa bila wao kupewa njia ya mifugo na mahali pa maji litafunguliwa usiku. Wanawake pia: wao ndio wanaojua kuni zinatoka wapi, na marufuku ya kuingia msituni inawaangukia wao kwanza. Ngitili zilifaulu kwa sababu zilikuwa na siku ya kufunguliwa.

Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka na vikao vyake vya kawaida viko wazi kwa wananchi, ingawa hutapewa nafasi ya kuongea. Swali lako lipitie kwa diwani. Kabla ya baraza, mambo hupikwa kwenye Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Mjue mjumbe wake aliye karibu nanyi. Wenyeviti wa vijiji walichaguliwa Novemba 2024 na madiwani Oktoba 2025. Ahadi ya "ifikapo 2030" inaiva wakati muhula wa madiwani unaisha. Waombe lengo la kila mwaka lenye jina la eneo, linaloanza mvua zinazokuja.

Mjini mambo ni tofauti kidogo. Mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo kama kijiji, lakini una silaha moja iliyo wazi: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa, ziwa au bahari. Pima kwa futi kamba, piga picha, andika. Eneo hilo likiachwa na matete yakarudi, manispaa itakuwa imerudisha uoto bila kununua mche.

Mwisho, jiandae kwa uhamisho. Afisa misitu mliyemzoea atapelekwa wilaya nyingine, mkurugenzi atabadilishwa, na mpya atawaambia hana taarifa. Kwa hiyo kila kitu kiwe na nakala tatu: moja ofisi ya kijiji, moja kwa katibu wa kamati ya maliasili, moja kwa mtu asiye na cheo chochote, kwa mfano mwalimu mstaafu. Humo muweke ramani, sheria ndogo yenye muhuri, mihutasari, barua na majibu yake, na ile hesabu yenu ya mashimo 100 ya kila Oktoba. Siku mkurugenzi mpya akiripoti, mpeni wiki mbili atulie, kisha mumpelekee faili.